Nambari Iliyoitikia Amina

3 Februari

Kitindamimba wetu,

Hujambo? Watoto na mama yao hawajambo? Mimi mzima, ila macho tu. Siku hizi uzi unaingia kwenye sindano ukipenda wenyewe. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Wino umekuishia, mtu mwenye ofisi nzima?

Mama anaendeleaje na ule mguu? Namshonea gauni, nahofia amepungua. Mpime kiunoni kwa uzi, ufunge fundo, unitumie ndani ya bahasha. Mwambie mwezi wa sita nafunika cherehani, nije nikae naye wiki mbili.

Dada yako

19 Mei

Dada,

Salamu. Sisi wazima. Barua zako zote tatu nimezikuta leo. Sanduku la posta sikuwa nimelifungua tangu mwaka jana, nani anaandikiwa barua siku hizi?

Lakini nashangaa unavyojifanya hujui. Mama tulimzika tarehe 11 Machi. Kila kitu kilitangazwa simuni, kwenye kundi la familia, tangu alipolazwa. Na wewe ulikuwa unajibu. "Amina." "Poleni." Siku ya mazishi uliandika "Tuko pamoja", tukakusubiri hadi saa kumi, watu wamesimama juani. Leo unaomba kipimo cha kiuno. Una roho ngumu.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Nisamehe, salamu leo sina. Barua yako niliifungua kibandani, mteja amenyoosha mikono nimpime. Nikamwambia subiri kidogo, nasoma. Hivyo ndivyo nilivyofiwa na mama yangu.

Sina simu. Ilitumbukia kwenye beseni la kufulia mwaka juzi, nikakuandikia, ukanijibu kwamba barua zinatosha. Hilo kundi silijui. Nani huyo anayeitikia amina kwa jina langu?

Na nijibu hili moja. Mama aliambiwa nini juu yangu?

Dada yako

20 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeipiga ile nambari. Amepokea mwanamume, fundi viatu. Kumbe nambari yako ilipolala muda mrefu, aliuziwa yeye mwaka jana. Mke wangu alipounda kundi alitoa nambari kwenye daftari la zamani, na simuni kwetu linatokea jina lako, nami nikadhani umeshapata simu nyingine. Yule bwana anasema alijikuta kati ya watu wanaoombeana heri, akaona si adabu kunyamaza. Hana watu wengi. Amelia, ameomba radhi, tumemtoa.

Nitakununulia simu nzuri, dada, yasitokee tena.

Mdogo wako

7 Julai

Mdogo wangu,

Sijambo. Simu sitaki. Huyo fundi viatu mwambie sina kinyongo naye, yeye angalau alijibu.

Swali langu umeliruka. Mama aliambiwa nini?

Dada yako

30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne.

Siku tatu kabla hajafariki, Mama alisema, "Niitieni mwanangu mkubwa." Nikaandika kwenye kundi: Dada, Mama anakuita, njoo. Ikarudi picha ya kidole gumba, basi. Sikupiga simu. Nilikuwa na hasira, nikasema si ameona mwenyewe. Barua yako ya Februari ilikuwa sandukuni, hatua mia moja kutoka mezani kwangu.

Nilimwambia Mama umejibu. Akataka kuona, nikamsogezea simu. Akakitazama kile kidole muda mrefu, akauliza, "Hii maana yake anakuja?"

Nikasema ndiyo.

Akaomba kiti kisogezwe karibu na kitanda, akatukataza kukikalia. Muuguzi alipotaka kukihamisha, alikishika kwa mkono asikiachie. Hata mimi alinikatalia. Siku zote tatu nilisimama, hadi alipokata roho.

Hilo ndilo aliloambiwa, dada. Kwamba unakuja.

Mdogo wako