Koti Jeusi la Studio

Jumanne, Tabora

Gazeti la mitindo nililolibandika ukutani mwa studio yangu ya picha nimelibandua, limenichosha. Mwezi mzima nimekuwa nikiwageuza wateja shingo kama yule mrembo wa ukurasa wa mbele, nikidhani huzuni ya picha inatoka begani.

Leo alikuja mama mmoja kutoka Puge. Karibuni yeye na majirani zake wanahamishiwa kijiji cha ujamaa, na kaburi la mumewe linabaki kule. Picha pekee ya marehemu niliipiga mimi, akiwa amevaa koti jeusi la studio, lile ninalomwazima kila mteja asiye na koti.

"Shikamoo, bwana picha. Lile koti la mume wangu bado unalo?"

"Marahaba, mama. Ninalo."

Alitaka apigwe picha nalo kabla ya kuhama. Nikamwambia alivae, ageuke, atazame dirishani. Hakunisikiliza. Alilipakata kama mtoto, akapitisha mkono wake ndani ya mkono wa koti, akatulia. Nikafunga dirisha moja ili mwanga ubaki upande mmoja. Sikumwelekeza tena. Nilipiga tu.

Alipolirudisha aliuliza, "Kuna mwingine aliyelivaa baada yake?"

Nusu ya wanaume wa mtaa wetu wa Cheyo wametundikwa kwenye kuta za sebule zao wakiwa ndani ya koti lile.

"Hapana, mama," nikamjibu.

Kesho anakuja bwana harusi, na amekwisha kuliulizia. Nitamwambia panya wamelitafuna.