Gari Linaunguruma Nje

Mama Watoto,

Maharage yameiva, yatie chumvi tu. Ukitoka zamu, ule, ulale, usinisubiri. Naandika mbiombio kwa sababu gari linaunguruma nje na sithubutu kulizima.

Binti yako ameondoka kwa hasira. Asubuhi nzima gari liligoma. Yeye kwenye usukani, mimi kichwa ndani ya boneti: "Washa! Zima! Washa!" Umeme haufiki kwenye nozeli, kwa hiyo mafuta hayarushwi. Kuna waya umekatikia ndani ya ganda lake. Nikizitikisa nyaya, taa ya kupimia inawaka, nikiziachia, inazimika. Ni waya upi hasa, sijui. Nimechomoa plagi zote, nimebadili fyuzi, wapi!

Akasema, "Baba, magari ya watu yanapona, letu ndilo linakushinda?" Mdomo wangu unaujua. Nikamjibu, "Kama una haraka, tembea." Akabeba sanduku, akatembea kweli. Huko kazini aendako hakuna likizo mpaka mwakani, na sikumpa hata mkono.

Nikakaa kizingitini nimenuna, kisha nikajaribu ufunguo. Likawaka, kama halijawahi kuugua! Basi lake halijaondoka bado. Namfuata stendi. ~~Nitamwambia asiende.~~ Nitamwambia aende salama. Funga mlango wa uani, paka ana macho na

Ngoja. Mbona kimya?

Limezima.

~~Nimekwenda stendi.~~ Nipo nje, kichwa ndani ya boneti. Mpigie wewe, simu yangu hapokei. Mwambie niko njiani.

Baba yao, eti fundi