Askari wa Yannick

Jumatatu, 4 Februari 2019
Shemeji Sylvain kapiga simu kutoka Timmins. Anaomba zamu ya mwisho ya marehemu Yannick, mume wangu. Miaka mitatu ndugu hawa wamepigana vita vya kompyuta, kila mtu zamu moja kwa siku, faili likienda na kurudi kwa barua pepe. Yannick alifariki zamu ikiwa yake. Wiki ya saba sasa. Nimefungua. Mito ipo, theluji milimani ipo—lakini askari wote ni miraba mitupu ya rangi ya waridi. Nani ni nani, sijui. Nimefunga.

Jumanne, 5 Februari
Nimepunguza vivuli vya mchezo. Nimeweka programu mpya ya kadi ya picha, nikarudisha ya zamani. Zima, washa, mara tano. Waridi. Binti yetu Océane kauliza wako wapi watu wa baba. Nikasema wamejificha. Basi niwaambie watoke, kasema.

Alhamisi, 7 Februari
Sylvain kauliza, polepole, kama folda la michoro bado lipo. Yannick aliwachora askari mwenyewe—mmoja na pua ya Sylvain, mpishi wa jeshi mimi. Mchezo ukikosa picha, unaweka waridi. Nililifuta mimi! Kompyuta ilijaa, nikitafuta nafasi ya picha za mazishi. Folda lenyewe Yannick kaliita Takataka. Ndivyo alivyokuwa.
Sylvain hakunilaumu. "Na pua yangu imekwenda, shemeji." Tukacheka.

Jumamosi, 9 Februari
Océane ana homa. Sijagusa kitu.

Jumapili, 10 Februari
Homa imeshuka. Sylvain kanielekeza kwa simu: ondoa alama ya tiki kwenye michoro ya Yannick, askari wa asili wa mchezo watarudi. Océane akataka kubonyeza yeye. Nikamshika mkono—hapana, hii ya mama. Nikaondoa.
Wakatokea. Nyuso za kiwandani. Océane kasema hawa sio.
"Sio, mwanangu. Lakini ndio tulio nao."
Ndipo nikaona. Jeshi zima la Yannick limeuzunguka mji mkuu wa Sylvain, msituni, asikoweza kuona. Nimerudi nyuma kwenye zamu za zamani. Liko pale tangu Septemba, na lingeweza kuuteka mji siku yoyote. Leo anasogeza mpanda farasi mmoja hatua moja, kesho anamrudisha. Miezi mitatu hivyo! Septemba ndipo mke wa Sylvain alipoondoka. Na kila zamu, walipigiana simu.
Sylvain, bado yuko kwenye simu, kauliza naona nini.
"Nilikuwa namshinda, sivyo? Yeye mwenyewe aliniambia namshinda."
Nimemwambia asubiri, mtoto ananiita. Mtoto hajaniita. Naandika hapa, simu iko mezani, namsikia Sylvain akikohoa. Kitufe cha kumaliza zamu kinawaka; nikikibonyeza bila kushambulia, hatajua. Kasema, shemeji, bado upo?