Pweza Aliyekataa Futari ya Mama

Ijumaa, kumi la mwisho la Ramadhani. Kilwa Masoko.

Mvua ya alfajiri imekatika, jua limetoka na hasira zake, na mimi nimekaa mlangoni pa Nyumba ya Samaki na simu mapajani. Haiiti. Kiswere, kijijini kwetu, mtandao wenyewe wa kubahatisha, mpaka mtu asimame mahali fulani nyuma ya zahanati ndipo apate hata kusema haloo.

Nasubiri habari za mkutano. Leo baada ya sala ya Ijumaa akina mama wavua pweza wa kule nyumbani wanaamua jambo moja tu: kipande cha mwamba wao kipumzishwe miezi kadhaa ili pweza wazaane, au waendelee kuwachokoa mashimoni kama kawaida. Mwenye neno pale ni mama yangu, Bi Somoe. Akikataa yeye, wamekataa wote. Na kila lilipoletwa jambo hili, alikataa.

Bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kutoka, inakuja na mwezi wa Idi. Maji yakishatoka mwamba ukawa mkavu, hakuna wa kumzuia mtu. Ndiyo maana roho yangu iko juu juu tangu asubuhi.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: hapa ninapofanya kazi palikuwa ghala la barafu. Kikundi cha wavuvi kikapageuza nyumba ya maonyesho. Matangi ya vioo yamepangwa ukutani, ndani mna samaki hai wa bahari yetu hii hii, watu wanaingia kutazama. Kazi yangu ni kulisha, kusugua vioo, na kujibu swali ambalo kila anayeingia lazima aulize: "Huyu anapikwaje?"

Mama hajawahi kupapenda hapa. Kwake samaki ana sehemu mbili za kukaa, baharini na chunguni. Hii ya tatu ya kioo aliiona ni wazimu. Siku niliposema mbele ya shangazi zangu kwamba mwamba upumzishwe, mama aliweka kikombe chini akasema, "Zaituni amehamia upande wa samaki." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Toka siku hiyo tukawa tunasalimiana vizuri, tunaulizana afya, basi.

Inauma kusalimiana vizuri na mama yako.

Sasa nieleze habari za Mwali.

Mwali ni pweza wetu wa kike. Tulimpa jina hilo kwa sababu aliletwa, akaingia kwenye shimo la mawe ndani ya tangi, akajiziba kwa vijiwe na makombe, akakataa kutoka, kama mwali aliyewekwa ndani. Nikampelekea kaa, hataki. Kamba, hataki. Nikadhani anaumwa, nikawa nakosa hata usingizi. Mwishowe Athumani, mwenzangu anayeshughulika na pampu, akamulika tochi kwa pembeni, tukaona dari yote ya lile shimo imening'inia mayai. Vishada kwa vishada, vyeupe. Na yeye kayakumbatia, anayapulizia maji, anayapangusa kwa ncha za mikono.

Kumbe si mwali, ni mzazi. Lakini jina lilikuwa limeshakaa.

Athumani akaniambia pweza jike akishataga hali tena. Hukaa juu ya mayai yake mpaka yatotoke, kisha hufa. Nikamwambia anyamaze, sikutaka kusikia.

Halafu ukaingia Ramadhani, na Masoko yakazuka maneno. Eti Nyumba ya Samaki kuna pweza amefunga! Hee! Watu walivyojaa. Baada ya Alasiri wanapanga foleni mpaka nje. Akina mama wanawavuta watoto wao mpaka kwenye kioo: "Unamwona? Mnyama huyo anafunga, wewe juzi nimekukuta na andazi chooni!" Nilieleza mpaka koo likakauka kwamba pweza hafungi, huyu hali mchana wala usiku, ni mambo ya uzazi. Nani anisikilize? Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Sawa binti yangu, lakini kafunga." Nikaacha.

Katikati ya vurugu hizo mama akaja Masoko kutibiwa jicho. Akafikia kwangu na mume wangu. Hakusema atakuja kazini, mimi nami sikumwomba, maana nina kiburi changu na ninajua nilikokirithi. Jioni moja tu nikainua kichwa, nikamwona amesimama mbele ya tangi la Mwali, kanga kaishika kidevuni, macho ndani.

Athumani akamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba bila kugeuka.

Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa. Nikamwekea kiti. Anakaa, anatazama tu. Jioni moja akaja na futari yake kwenye bakuli, akasema atafuturia pale pale, nyumbani kwangu kuna joto. Nikafurahi kimoyomoyo. Adhana ikatoka, nikaenda nyuma na Athumani tukafungue kinywa kwa tende na maji.

Niliporudi, tangi lilikuwa jeupe.

Mama alikuwa amepanda juu ya kiti chake, mkono uko juu ya maji, na kwenye bakuli limebaki tui. Alikuwa amemtilia Mwali kipande cha changu wa nazi. Cha nazi, jamani! Na ndimu, na binzari, na chumvi yake ya kutosha.

"Labda vibichi havipendi," aliniambia. "Mzazi hapewi chakula cha baridi."

Yarabi toba. Mafuta ya nazi yametanda juu ya maji, tui linashuka taratibu kuelekea shimoni. Mayai yale yanataka maji safi kila dakika. Nikapiga kelele. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, mwezi mtukufu, mbele ya watu waliokuwa wanatoka msikitini: "Mama, umemuua! Umewaua wote!"

Alishuka kwenye kiti kama mtoto aliyekosa. Sijawahi kumwona mama hivyo, na sitaki kumwona tena.

Pampu yetu ina mwendo wa kobe. Athumani akaifungua mpaka mwisho, lakini alijua haitoshi, akatoka nje anaita watu. Na hapa niwasifu watu wa Masoko, wambea lakini wana utu. Waliacha futari zao zinapoa. Mtu ametoka na ndoo, mwingine na beseni la kufulia, mwingine na dumu la mafuta lililokatwa, nikamfukuza na dumu lake. Wakajipanga kutoka gatini mpaka ndani ya ghala, maji ya bahari yanapita mkono kwa mkono, mimi na Athumani tunachota machafu tunamwaga, wao wanaleta safi. "Haraka, pweza hajafuturu!" mmoja anapiga kelele, wengine wanacheka, ndoo zinakwenda. Huyo aliyekuwa mbele kabisa, miguu ndani ya maji, gauni limelowa mpaka kiunoni, akijaza ndoo bila kupumzika, alikuwa mama.

Mpaka muadhini anaita Isha, maji yalikuwa yanaonyesha tena. Tukamulika. Mwali yupo. Amebadilika rangi kwa ghadhabu, lakini mikono yake inakwenda juu ya mayai, anapangusa, anapangusa.

Nilikaa chini nikalia. Watu wakaenda zao tarawehe.

Mama akakaa karibu yangu, anakamua gauni. Nilitaka kuomba radhi. Yeye ndiye aliyeanza, na ndiyo siku pekee nimemsikia akizungumza kwa sauti ya chini.

"Mimi hawa wenye mayai nawajua," alisema. "Nawakuta sana. Hawa ndio rahisi kuliko wote. Mwingine ukimchokoa anakimbia, anatoa wino, anakusumbua. Huyu wa mayai hakimbii. Unamvuta, anashika jiwe. Unamvuta tena, anashika jiwe. Nilikuwa nasema huyu mjinga huyu." Akakamua tena pindo la gauni. "Mayai nilikuwa nakung'uta tu majini."

Nilimshika mkono, ukiwa na chumvi na baridi, nikamwomba radhi kwa zile kelele. Akasema, "Ulikuwa na haki. Lakini ukinipigia tena mbele za watu nitakuzaba." Hapo nikajua tumepatana.

Toka siku hiyo alikaa pale kama mlinzi. Mtoto akigonga kioo, anakatwa jicho. Kijana mmoja alipouliza supu yake itauzwa lini, mama alimwambia aende akamwulize mama yake kama alipomzaa walimuuza supu.

Juzi baada ya daku tulikwenda pamoja kufungua. Taa bado hazijawashwa, mwanga ndio unaanza kuingia. Mama akafika kwenye kioo kabla yangu, akaniita kwa jina langu la utotoni, ambalo silitaji hapa.

Tangi lilikuwa limejaa watoto.

Wadogo kama punje za mchele, wanaonyesha kwa ndani, na kila kimoja kina mikono yake yote, kina macho yake mawili meusi. Vinajisukuma, vinasimama, vinajisukuma. Kimoja kikaguswa na mwanga, kikageuka rangi ghafla, kikawa chekundu, kikarudi. Kina umri wa saa moja na kimeshajua kujificha! Mama aliweka kiganja kwenye kioo na kusema, "Subhanallah," akarudia, akarudia. Miaka yote ile mwambani, yeye na mama yake na bibi yake, hakuna aliyewahi kuona jambo hili. Kwa sababu hakuna aliyewahi kungoja.

Sisi hatuna uwezo wa kuwalea, chakula chao ni vitu vidogo visivyoonekana. Athumani akasema wapelekwe baharini upesi. Tukawachota kwa vikombe, taratibu, tukawatia kwenye mabeseni. Mama akabeba la kwake, akakataa kusaidiwa. Tukashuka ngazi za gati, maji yalikuwa yamejaa na yametulia. Akachutama, akalizamisha beseni pembeni kidogo kidogo, akawaachia watoke wenyewe. Akaendelea kuchutama hata beseni lilipokuwa tupu.

Athumani, maskini, na ukweli wake, akasema wengi wataliwa na samaki, watakaofika ukubwani ni wachache mno. Nikamkanyaga mguu. Lakini mama alisikia. Aliinuka, akajifunga kanga upya, akauliza tu kama huko mwambani kwetu nao huwa wanatotoka wengi hivi. Athumani akasema ndiyo mama, wakiachwa.

Mwali bado yupo. Amepauka, ngozi imemlegea, ametoka mlangoni mwa shimo lake kwa mara ya kwanza na amelala pale nje. Sidhani kama ataiona Idi. Naumia, lakini si kama nilivyoogopa kwamba nitaumia. Mama alimuaga jana kabla ya kupanda basi. Sikusikia alimwambia nini, na mimi aliniambia tu nipunguze pilipili kwenye mchuzi, mume wangu ana vidonda vya tumbo. Kuhusu mkutano, kimya. Nilitaka kumuuliza mpaka ulimi ukawasha. Nikajizuia. Nilishampigia kelele mara moja, inatosha.

Ndiyo nimekaa hapa sasa, naandika ili nisiitazame simu.

*

Imeita.

Ni shangazi Mwajuma, yuko nyuma ya zahanati, upepo unavuma kwenye simu na anaongea kama yuko ng'ambo ya mto. Kanieleza yote na kila mtu alivaa nini. Nafupisha.

Walianza kubishana kama kawaida. Idi imefika, watoto wavae nini, hao wa Masoko wanatuletea mambo yao. Wote wakawa wanamtazama mama awamalizie maneno. Mama akasimama. Akawaeleza habari za mayai, za ndoo, hata za changu wa nazi hakuficha, wakacheka mpaka wengine wakalala mkekani. Halafu Bi Fatu, yule mwenye ulimi, akamuuliza: "Kwa hiyo Somoe na wewe umehamia upande wa samaki? Pweza huli tena?"

Shangazi anasema mama alimtazama Bi Fatu vizuri, akamjibu:

"Nitamla. Nitamla mpaka meno yaishe. Lakini akue kwanza."

Wamekubali. Kile kipande cha mwamba, cha upande wa kusini, kinapumzika kuanzia bamvua hii.