Kengele ya Dawa za Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mwanangu kang'oka jino na anamwonyesha kila mgeni pengo. Nimefurahi kusikia Mama ameanza kula.

Juzi nilikifungua kile kidude nilichomtengenezea cha kumkumbusha dawa, nikaona kosa langu. Programu yake niliiandikia kristali ya megahezi nane, ndiyo inayoipa saa mapigo. Nilipokuwa nakiunda za nane zilikuwa zimeniishia, nikaweka ya kumi na sita na nisibadilishe hesabu ya programu. Saa ikakimbia mara mbili. Badala ya kulia kila baada ya saa kumi na mbili, ikalia kila baada ya sita.

Uliniuliza kwenye simu, "Mbona kinalia mno?" Nikakujibu, "Fuata kengele, fundi ni mimi." Ukafuata, Mama akazidiwa na dawa. Pale hospitali kaka alipokufokea kwamba hujui kuhesabu vidonge, nilikuwa nimeshaanza kukishuku kidude changu. Nikatazama viatu vyangu.

Leo nimempigia kaka, nimemweleza yote. Jumamosi nakuja kumwambia Mama kwa mdomo wangu. Nakuomba, dada, safari hii usinitetee.

Mdogo wako,
uliyemwamini