Picha Niliyoikata Magotini

Jumatatu, 3 Machi
Fundi cherehani mmoja kaja ofisini bila miadi. Kaka yake yuko jela mwaka wa kumi na saba, wizi wa kutumia silaha – shahidi mmoja tu, aliyemtambua kwenye gwaride la utambulisho, mtuhumiwa akipangwa mstari mmoja na watu wengine. Nikamwambia kesi naijua. Picha ya gwaride imo kitabuni mwangu: wanaume wanane, kimo kimoja, rika moja. Gwaride la mfano, nalifundishia kila mwaka!
Akatoa picha nzima, ya kwenye jalada la kesi. Saba wana viatu. Kaka yake yuko peku. Mahabusu huvuliwa viatu wakiingia seli. Siku ile hakuna aliyekumbuka kumrudishia, na shahidi angeweza kumjua mahabusu kwa miguu tu.
"Profesa, kwenye kitabu chako miguu iko wapi?"
Nikakifungua: picha inaishia magotini.

Jumanne, 4 Machi
Mkasi ulikuwa wangu. Picha haikuenea ukurasani, nikaikata magotini. Nilikagua nyuso, vimo, mashati. Miguu wala sikuitazama. Mtaalamu wa ushahidi, mimi! Na majaji wa rufaa walinukuu kitabu changu walipomkatalia kaka wa fundi. Najionea kinyaa.

Alhamisi, 6 Machi
Wakili wa fundi anataka hati yangu ya kiapo, kwamba picha niliikata bila kuitazama miguu, kesho kabla ya saa sita mchana. Bila hiyo, kesi haifunguliwi upya.
Mkuu wa kitivo kafunga mlango, kanimiminia chai. Kasema niape kwamba miguu niliiona, nikaipima, nikaona si hoja. Jina la kitivo litapona. Na yule wa jela? Keshazoea, kasema, akaongeza sukari. Pyuu! Nilitamani kumtapikia zulia.
Kinachonichefua zaidi – hati aliyoiandika nimeipokea. Nimemshukuru!
Mke wangu nilimweleza mezani. Akasukuma sahani.
"Baba watoto, mwenzio anaoza ndani, wewe unaogopa kuchekwa?"

Ijumaa, 7 Machi
Saa tano na nusu. Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya viapo. Mkobani nina hati mbili: ya kweli na ya mkuu wa kitivo. Zote zimepigwa chapa vizuri, zinangoja saini.
Fundi kakaa pembeni yangu. Kasema jana alikwenda jela, kaka yake kafurahi, kaanza kugawa vitu vyake. Fundi mwenyewe kaniita baba. Sikuweza kumtazama usoni.
Karani kaniita. Nimemwambia aanze na aliye nyuma yangu.