Nguo Isiyochoma

Jumatatu, 3 Machi
Ubavu wa kulia unawaka. Saruji imenibabua tu. Nimeosha, nimerudi kupandisha matofali.

Ijumaa, 7 Machi
Malengelenge! Toka mgongoni hadi kifuani, upande mmoja. Binti yangu kaona, kapiga kelele — baba, huu mkanda wa jeshi! Kanikokota hospitali. Daktari kasema ni tetekuwanga ya utotoni, ilijificha kwenye mshipa wa fahamu, sasa imeamka. Dawa kanipa. Ila ningewahi mapema ingenifaa zaidi. Na mimi nilikuwa naosha saruji!

Jumamosi, 5 Aprili
Vidonda vimekauka. Nimerudi kazini. Maumivu hayajakauka.

Jumatatu, 16 Juni
Bado. Ngozi imepona, ndani moto. Shati likigusa — umeme! Daktari anasema mshipa umeumia, kama waya uliochunika. Uzee nao. Utapona? Miezi, labda zaidi. Vidonge vyake vinalevya. Nitapandaje jukwaa la ujenzi? Nameza nikienda kulala tu.
Kazini nakaa kifua wazi. Leo nyapara kasema kuanzia kesho, bila shati na kizibao cha njano huingii getini. Mzee, wewe bondia? Wenzangu wakataka kuona kidonda. Kiko wapi? Sina cha kuonyesha.

Jumanne, 17 Juni
Nimevaa. Machozi. Nimeangusha ndoo ya zege. Nyapara hakugomba, kanitazama tu. Akikutazama vile, jina lako halisomwi tena asubuhi.

Jumatano, 18 Juni
Nimefungua sanduku la nguo la marehemu mke wangu. Nikapitisha nguo zake ubavuni, moja moja. Gagulo lake, lile la kuteleza la chini ya gauni — halichomi! Nisamehe, mama watoto. Kesho nalivaa chini ya shati.

Alhamisi, 19 Juni
Nimebeba siku nzima! Kuinama tu, lesi ikachungulia. Yule tunayemwita Domo akapayuka: mzee, umeolewa? Nikamwambia, aliyenioa ni mkanda wa jeshi, anapiga, omba asikutake wewe. Wakagaagaa kwa kicheko. Nyapara naye. Afadhali acheke kuliko atazame.

Jumapili, 22 Juni
Limechanika ubavuni. Lilikuwa moja tu. Nimelishona — mshono ukanichoma nikaruka. Nimeligeuza, mshono nje. Wapi! Na kesho tunamwaga zege la ghorofa. Nyapara anataka wenye nguvu tu.
Binti yangu yuko mlangoni. Kashika gauni la harusi la mama yake. Laini lile, linateleza. Mkono wa pili mkasi. Anasema, baba, nikate?